Kija Asilale na Pamba

Bariadi, 12 Mei 2025

Baba, mwangaluka. Natumaini miguu imepoa na ng'ombe wanashiba. Mimi na mafundi wangu wanne tuko wazima, cherehani zinalia tangu asubuhi. Naandika kwa sababu kwenye simu unanisikia nusunusu.

Shangazi Elina ameniambia mwanangu Kija ana siku kumi na moja hajakanyaga darasani. Kumi na moja, baba, na mtihani wa darasa la saba umebaki siku mia na ishirini na moja. Kwa nini nisikie kwa mtu mwingine?

Nijibu haya: ana homa? Anakohoa au anapiga chafya? Kamasi ni maji au zito? Amekonda? Anahema vizuri? Usiniandikie "mafua tu."

Binti yako,
Nyamizi

Migato, 15 Mei 2025

Nyamizi, mwadila. Miguu inauma lakini inanipeleka.

Sikukuficha, nilitaka apone kwanza. Yalianza wiki tatu zilizopita, tulipoanza kuchuma pamba. Homa hana, namgusa kila siku. Hajakonda, ugali anamaliza. Anahema vizuri. Ni chafya mfululizo, kamasi maji matupu, macho anayafikicha mpaka yanakuwa mekundu, na kikohozi kidogo. Akiamka ndiyo balaa. Akienda kisimani anapata nafuu. Nimempa amoksilini ya dukani dozi mbili, wapi.

Mwalimu Mihayo alimrudisha, akisema ataambukiza wenzake. Basi nimeamua akae nyumbani. Darasa atarudia mwakani.

Baba yako,
Shija

Bariadi, 17 Mei 2025

Baba, mwangaluka, na pole ya miguu.

Barua yako nimemsomea daktari wa hapa neno kwa neno. Anasema mafua ya kawaida huisha kwa siku saba mpaka kumi, na yale makali huja na homa na mwili kuuma wote. Ya Kija yana wiki tatu, homa hakuna, macho yanawasha. Yanafanana na aleji, na aleji haiambukizi mtu. Amoksilini haiigusi, usimpe tena. Ila kwa kuwa kikohozi kimepita wiki mbili, mpeleke akapimwe kifua kikuu, tusikisie. Akianza kuhema haraka au kifua kikapiga filimbi, usiningoje: hospitali siku hiyo hiyo.

Kisha akaniuliza mtoto analala wapi. Analala chumba cha pamba, kama nilivyolala mimi. Lundo mpaka darini, mkeka pembeni yake, kwa sababu wewe unasema binti ana usingizi mwepesi, atamsikia mwizi. Nililala humo misimu saba. Kila mavuno chafya na macho mekundu, na wewe ukiwaambia watu, "Huyu anakimbia kuchuma." Ukanitoa shule darasa la sita. Kila nilichonacho leo nimekishona mwenyewe.

Kija hatoki shule. Alale kwa shangazi siku saba. Hesabu chafya zake kila asubuhi, uandike.

Binti yako,
Nyamizi

Migato, 1 Juni 2025

Nyamizi, mwangaluka. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nahesabu.

Amepimwa, kifua kikuu hakuna. Tabibu kaandika dawa ya aleji, atumie akizidiwa. Asubuhi ya mwisho chumba cha pamba alipiga chafya thelathini na mbili. Kwa Elina, siku ya kwanza kumi na tisa, ya tatu nane, ya saba mbili. Karatasi nikampelekea mwalimu pamoja na cheti cha tabibu. Akaisoma, akasema, "Mzee, kumbe hesabu unajua." Kija yuko darasani tangu tarehe 26.

Chumba chake tumekifagia na kukipiga maji, amerudi kulala humo. Pamba nimeihamishia kwangu mpaka siku ya kuuza. Mwizi akija, kwa masikio haya sitamsikia. Aje.

Jambo moja umekosea. Hukulala humo misimu saba. Ulianza mwaka aliozaliwa mdogo wako Maige. Ni minane. Nimeihesabu mara tatu.

Baba yako,
Shija