Ndege Iliyowekwa London kwa Hasira

Lewisham, London
Jumanne, 11 Novemba 2025

Mpendwa Kaka Telesphor,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mguu wako hausumbui sana mvua hizi. Mama anaendeleaje na presha? Wifi Lilian naye hajambo? Sisi huku tunapumua. Mdogo ametimiza miezi mitano na usiku halali, nami nasinzia hata nikiwa nimesimama kwenye basi. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, nimempakata.

Nimeandika kwa sababu simu zangu hupokei. Ningekuja mwenyewe, lakini pasipoti zetu ziko Uhamiaji tangu Aprili, na kila nikiuliza naambiwa nisubiri.

Nasim, mkubwa wangu, ana miaka saba. Juzijuzi darasa lao lilikwenda makumbusho ya sayansi, nami nikaenda kama mzazi wa kusaidia, mtoto mgongoni. Wanasoma habari za Wilbur na Orville Wright, mafundi baiskeli wa Marekani, walioruka na ndege ya injini kabla ya wengine wote. Mara ya kwanza ilikaa hewani sekunde kumi na mbili. Mfano wake umening'inizwa pale juu. Mwongozaji akasema ndege yenyewe ilikaa hapa London kama miaka ishirini, na iliwekwa kwa hasira. Wilbur alikuwa ameshakufa, na wakubwa wa makumbusho ya kwao walikuwa wakimpa mtu mwingine sifa, basi Orville akaituma huku.

Nyumbani nikasoma zaidi kwenye simu. Walikuwa na dada, Katharine, mwalimu. Orville alipoanguka na ndege akavunjika mguu na mbavu, dada aliacha kazi akakaa naye hospitali wiki saba. Miaka ikapita, dada akaolewa. Orville akamnunia, salamu hakuna. Alikwenda kumwona pale tu dada alipokuwa anakufa.

Kaka, mimi niliacha shule kidato cha tatu nikalala kwenye mkeka chini ya kitanda chako wodini, miezi miwili, ulipoanguka na pikipiki. Sikukumbushi ili unilipe. Ungekuwa mimi ungefanya hivyo hivyo. Lakini nilipofunga ndoa na Hafidh bomani badala ya kanisani ulisema huna dada, na mwaka wa tisa huu umeshikilia.

Sasa lililonisukuma. Nasim alipewa kazi ya kuandika juu ya ndugu wa nyumbani kwao. Akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, "Mama, na wewe una kaka?" Nilikuwa nambadilisha mdogo nepi, nimechoka. Nikamjibu, "Sina." Neno lako, nimelisema mimi. Akaandika hivyo, akanichora peke yangu, na karatasi ikabandikwa ukutani darasani. Niliiona Ijumaa, wazazi wenzangu wamenizunguka, nikakosa pa kuangalia.

Jioni nikamwambia ukweli.

"Kumbe nina mjomba? Hajafa?"

"Hajafa."

"Ana sauti gani?"

Nikamwambia nzito, ya kugombeza. Akacheka sana.

Hafidh kanunua stempu mwenyewe. Anasema shemeji akiirudisha barua, stempu yake arudishiwe.

Kaka, mimi nimefika mwisho wa ninachoweza. Kukulazimisha siwezi, kuja siwezi. Kwa kuolewa siombi msamaha. Kwa jibu nililompa mtoto, naomba.

Jumapili tarehe 30, saa kumi jioni ya huko, Nasim atakupigia kwa namba yangu ile ile. Ongea naye hata kidogo, Kiswahili anakisikia vizuri, kukizungumza ndiyo kazi. Usipopokea, nitamwambia mjomba yupo, ameiona simu, hakupokea. Sitamdanganya tena.

Nisalimie Mama, umshike mkono kwa niaba yangu. Msalimie wifi Lilian na shangazi Kokushubira. Mungu awalinde nyote, na mguu wako aupe nguvu.

Ni mimi dada yako, akupendaye bado,
Adelina