Maji Yalivuka Tuta

Jumanne, Mbotela

Nilidhani leo ningepelekwa ofisini kupika chai. Bwana Mutiso, msimamizi wetu kwenye shamba la utafiti, alisema jana kwamba mwanafunzi asiyeweza kuvusha maji kwa mpira, kutoka mferejini hadi kwenye mahindi, hana kazi shambani.

Asubuhi nilivuta maji kwa mdomo, vile mama hufanya kwenye pipa wakati bomba la hapa mtaani limekauka. Nikameza tope. Kamau, mwanafunzi mwenzangu, akacheka.

"Dada, chai umeshakunywa?"

Nilitazama mikono yake ikizamisha mpira wake mzima mferejini.

Nami nikazamisha wangu wote mpaka ukajaa, nikaziba mwisho kwa kiganja, nikauvusha tuta, nikaachilia. Maji yakaja yenyewe! Nikatega mwingine, na mwingine, hadi mistari yangu yote ikalowa.

"Wambui," Bwana Mutiso, aliyekuwa amesikia ule utani, akasema, "kesho uje na gambuti. Chai atapika Kamau."

Gambuti sina. Za baba zinanipwaya, na naogopa nitaanguka mbele ya wote. Nimezijaza magazeti. Nimezivaa sasa hivi, hapa kitandani.