Meza Iliyokimbilia Mtamani

Baba Apolonia,

Ukitoka huko ulikojificha, ugali nimeufunika kwa ungo na mlenda uko chunguni. Ndama wasitoke. Meza uirudishe ndani mwenyewe, wewe ndiye uliyekimbia nayo mpaka huku mtamani.

Unataka kuwa mwandishi, uandike kila asubuhi, sawa. Lakini kujifunga mguu kwenye meza kwa kamba ya ng'ombe, eti usiinuke kabla ya kujaza ukurasa! Mama yangu akapiga hodi, nawe ukatokea mlango wa nyuma, meza ikikufuata. Kumkimbia mkwe ni heshima, sikulaumu. Meza nayo inamwonea haya?

Mama alikuona kwa mbali ukiburuta meza, akaniuliza nani kakufunga. Nilipomwambia umejifunga mwenyewe, akaangua kilio. Namsindikiza Kolandoto kwa dada, nikamtulize asije akamwambia baba kwamba nimeolewa na kichaa.

~~Nitarudi kesho.~~ Hapana, nimefuta. Nitarudi ukishajaza ukurasa.

Kamba uliyoikata usuke nyingine.

Karatasi hii ni ile yako ya leo, nimeikuta tupu mezani. Nimeijaza mimi, nimesimama, mtoto mgongoni, bila kufungwa.

Mama Apolonia