Rudisha Tarehe 36

Rafiki yangu mpenzi Fundi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa mahali penye mwanga, na huna haraka ya kwenda popote. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza kama bado unakula polepole kama mtu anayesoma. Mama yako hajambo? Kazi mpya ameizoea? Na mdogo wako, bado anaficha viatu asubuhi ili asiende shule?

Barua yako niliipata Jumatatu. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama langoni, mara ya pili nikiwa kitandani, na mara ya tatu sikuweza kuimaliza. Umesema shule yenu ina kompyuta ishirini, na kwamba ukipita karibu na dirisha la chumba chake unageuza uso. Umesema fomu ya kuchagua masomo inarudishwa Ijumaa ya wiki ijayo, na hutaweka alama kwenye somo la kompyuta, kwa sababu mtu asiyejua mwezi una siku ngapi hafai kuandika programu. Sentensi hiyo ndiyo iliyonikalisha hapa. Barua hii nitampa mjomba wako, maana ameniambia anakuja huko keshokutwa, ili ikufikie kabla ya Ijumaa hiyo.

Chumba chetu cha kompyuta kiko vilevile. Bado tunavua viatu mlangoni, na mwenye soksi iliyotoboka bado anachekwa mpaka akunje vidole. Ile mashine ya pembeni ambayo herufi N haiingii mpaka uigonge kwa kidole gumba haijatengenezwa. Mchana jua likiingia, vumbi linaonekana likielea juu ya vifuniko vya plastiki, na mimi hukumbuka ulivyokuwa ukisema kwamba hayo ndiyo mawazo ya wanafunzi waliotutangulia, yamekosa pa kwenda.

Unakumbuka tulivyoanza vibaya? Mwalimu wa kompyuta alitaka programu ya kuandikisha vitabu vinavyoazimwa maktaba. Wewe ulichaguliwa kuiandika, mimi nikachaguliwa kuijaribu. Wewe ukaitwa Fundi, mimi Mkaguzi, na cheo hicho nilikifurahia kupita kiasi. Nilinunua kalamu nyekundu. Kila nilipoona kosa nililiandika kwenye daftari, nikaliacha mezani pako ukiwa hupo, kama mwenye nyumba anayeacha notisi ya kuhama. Na wewe ulijibu chini yake kwamba kwako inakubali. Nami nikaandika kwamba kwangu imegoma. Ukaandika kwamba basi kibovu ni mkaguzi, si programu. Wiki mbili nzima tulizungumza kwa daftari, na kati yetu palikuwa na viti vitatu tu! Wenzetu walikuwa wakiuliza kama leo barua imefika au posta imefungwa.

Mwalimu ndiye aliyechoka. Alisema tunaishi kama wake wenza, jiko moja, kila mtu na sufuria yake, na mgeni analala njaa. Akachukua ile kalamu yangu nyekundu, akaitia mfukoni, akanipa penseli. Kisha akaweka viti viwili mbele ya mashine moja. Alisema kuanzia siku hiyo hutaandika hata mstari mmoja kabla sijakwambia ni kwa njia gani mtu anaweza kuuharibu, nami sitaandika kosa lolote kabla sijakuonyesha kwa mkono wangu, hatua kwa hatua, limetokeaje.

Siku ile ya kwanza tulikaa tumegeuziana mabega. Nilikuonyesha jinsi programu ilivyogoma, ukanitazama vidole ukasema kwamba hakuna binadamu anayebonyeza hivyo. Nikakujibu kwamba yupo, ni kiranja wa maktaba, ambaye mkono mmoja huandika na mwingine umeshika biskuti. Ulicheka mpaka mwalimu akatutoa nje. Ndipo tulipoelewa wote wawili kwamba kwako ilikubali kwa sababu wewe ulijua inapenda kubonyezwa vipi, kama mtu anayejua mlango wa kwao unasukumwa wapi.

Tangu hapo mambo yalibadilika. Ukimaliza kipande, uliniita ukisema, "Hebu njoo uniharibie." Nikiharibu hukununa, ulivuta kiti karibu zaidi. Nami nilijifunza kutosema "umekosea." Nilisema "hapa imeumwa," na ukishatengeneza nilisema "imepona." Ndani ya mwezi tulifanya kazi nyingi kuliko muhula mzima uliotangulia. Sijawahi kufurahia shule kama siku zile, na sidhani nitafurahia tena hivyo. Nakumbuka hata harufu ya nyaya zilizopata moto na ile sauti ya kengele ambayo hakuna aliyekuwa akitaka kuisikia.

Kisha yakaja maonyesho. Yalipangwa tarehe kumi na mbili, yakaahirishwa mpaka ishirini na tisa kwa sababu mgeni alipata udhuru. Sehemu ya kumwambia msomaji siku ya kurudisha kitabu uliiongeza mwishoni kabisa, katikati ya mwezi, na tuliijaribu ikakubali.

Yaliyotokea ukumbini unayajua, lakini itanibidi niyaandike. Mwalimu mkuu alikuja mbele kuazima kitabu cha kwanza. Ulibonyeza kwa madaha, na ukutani yakatokea maandishi makubwa: RUDISHA KITABU TAREHE 36. Halafu sauti kutoka nyuma ikamwambia mwalimu mkuu amshukuru mwandishi wa programu, maana tarehe hiyo haitafika na kitabu amepewa milele. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mgeni naye akacheka. Kuanzia siku hiyo jina la Fundi likafa, ukawa Thelathini na Sita. Kwenye foleni ya chakula walikuwa wakikuona tu wanaanza kuhesabu kwa sauti, thelathini na nne, thelathini na tano, kisha wananyamaza wakikutazama.

Jioni ya maonyesho tulikaa nyuma ya maktaba. Uliniomba msamaha. Ulisema samahani kwa kuniaibisha baada ya kazi yote niliyofanya. Nami nikakushika mkono nikasema ni bahati mbaya tu. Mwezi uliofuata mama yako akahamishwa, mkaondoka.

Rafiki yangu, haikuwa bahati mbaya. Nililijua kosa lile tangu siku iliyotangulia.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nane, ulipokuwa ukiwaeleza wanafunzi wa darasa la chini, mmoja aliuliza mimi kazi yangu ni nini. Ulisema, "Huyu? Huyu ni wa kubonyezabonyeza," na wote wakacheka, nawe ukacheka nao. Najua ulikuwa mzaha. Lakini kwenye tangazo la maonyesho palikuwa na jina lako peke yake, na mzaha ule ukanikuta nikiwa nimekwisha kuumia. Mchana ulikwenda kufanya mazoezi ya hotuba. Nikabaki peke yangu, nikaweka tarehe ya kesho yake ili nione. Ikatoka 36. Nilielewa mara moja kwamba programu ilikuwa ikijumlisha siku saba tu bila kujali mwezi unaishia wapi. Niliandika kosa kwa penseli, nikalitazama, kisha nikauchana ukurasa. Nilijiambia kwamba wewe ndiwe mwandishi, basi ukaone mwenyewe. Nilitaka uaibike kidogo tu. Sikujua aibu haipimwi kwa kijiko.

Kwa hiyo, ukisema hufai, unasema uongo ambao mimi ndiye niliyekufundisha. Kila mwandishi wa programu hukosea tarehe. Ndiyo maana huwekewa mtu wa kukaa pembeni yake. Wewe ulifanya kazi yako ukakosea, mimi nilifanya yangu vizuri nikaificha. Kati ya hayo mawili, mwenye haya anapaswa kuwa mimi.

Likizo iliyopita nilijifunza kuandika programu kidogo, nikaifungua yako. Kosa lilikuwa kwenye mistari minne. Mingine yote, mamia kwa mamia, imekaa sawa, na mahali pengi umeandika maelezo pembeni kwa ajili yangu, ukinieleza kwa nini umefanya hivi na si vile. Sikujua yapo. Niliyasoma yote, na sikuweza kuendelea siku hiyo.

Jana nilimweleza mwalimu. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama wewe unajua, nikasema hapana, akasema basi nimeanza kubisha mlango usio wenyewe. Leo nimewaambia wenzetu wa klabu ya kompyuta. Mmoja ameondoa kiti chake karibu na changu, na sikumlaumu. Mbele ya shule nzima mstarini bado sijathubutu, ila nimeomba nafasi Jumatatu, na kiranja ameliandika jina langu.

Sikuombi tuwe kama zamani. Hilo utaamua wewe, na ukikawia nitakuelewa. Ninachokuomba ni kimoja: jaza fomu kwanza. Weka alama panapostahili. Ukishairudisha, ndipo ukae unikasirikie kwa nafasi, kwa muda wowote unaotaka.

Msalimie mama, na mwambie mdogo wako kwamba viatu havifichwi chini ya kitanda, ndipo mahali pa kwanza watu hutazama. Mjomba wako anapiga honi nje, kumbe ameamua kuondoka leo. Sitapata muda wa kuisoma tena barua hii na kuisahihisha, kwa hiyo makosa utakayoyaona humu yaache yalivyo.

Ni mimi akupendaye,
Mkaguzi