Memphis, Jina la Tumboni

Jumatatu, 9 Novemba 1998
Bosi Maxwell ameleta sidii kutoka Mombasa. Juu imeandikwa kwa kalamu tu: MEMPHIS. "Hafsa, Windows 98 imepitwa. Hii ndiyo kali. Weka!" Nimeweka kwenye kompyuta ya mapokezi hapa hotelini. Nafasi zote walizoweka wageni wa Krismasi zimo humo sasa, si kwingine. Chuoni tulianza na Windows 3.1, tukarukia 95, kitabu kikataja Chicago – kumbe ni hiyo hiyo 95! Leo Memphis. Nimechoka na majina.

Jumatano, 18 Novemba
Mgeni ameacha gazeti la kompyuta mapokezi. La mwaka jana. Linasema Memphis ni jina la 98 yenyewe, ilipokuwa haijatoka! Ya kujaribia tu. Na ya kujaribia ina siku yake ya kufa, ikifika kompyuta haifunguki tena.

Ijumaa, 20 Novemba
Nyumbani, Msambweni. Mimba ya dada Mishi inakaribia kutimu. Wifi yake akamtania ataje jina la mtoto. Mama akang'aka: wa tumboni haitwi, asubiriwe siku ya saba! Wakacheka. Mimi sikucheka. Kule hotelini Galu tumemwajiri wa tumboni.

Ijumaa, 27 Novemba
Nimefunga mlango, nikamwambia bosi kwa upole kuwa Memphis ni ya kujaribia na itakufa. "Sister, nishamwambia mwenye hoteli tuko mbele ya Diani nzima. Unataka nionekane fala?" Nikaomba basi nichape majina ya wageni kwenye karatasi. Hataki. Mwenye hoteli akiona makaratasi atauliza kompyuta ni ya nini.

Jikoni nikamwamkia mzee Salimu, mpishi. Alikaa bila kazi tangu vurugu za mwaka jana zilizofukuza watalii. Ameitwa kwa ajili ya wageni hawa. "Marahaba, mwanangu. Ni kweli watakuja?" Inshallah, nikasema.

Jumanne, 15 Desemba
Mishi amejifungua, alhamdulillahi. Msichana. Bado hana jina.
Kazini – kioo cha kompyuta kimeandika muda wa majaribio unakwisha. Bosi akabonyeza, ujumbe ukaondoka. "Inatutisha tu."

Alhamisi, 17 Desemba
Ujumbe tena, asubuhi yote. Bosi yuko Ukunda. Nimewasha printa. Inakoroma, inakwama, inaendelea. Karatasi ziliisha, mzee Salimu ameniletea zile za kuandikia menyu. Naandika hapa huku nikihesabu kurasa.
Imefika kwenye majina ya M. Gari la bosi – langoni! Mbona mapema hivi?
Printa siizimi.