Unakimbia Kama Mama Mkwe Wako

Sahra, soma hii ukiwa peke yako.

Unajua wiki hii nimeanza kukimbia. Leo asubuhi nimefika tu mwisho wa shamba letu hapa Chepsaita, pumzi ikakatika, nikashika ua wa jirani, Mzee Barsosio. Akatoka. Hata hakunisalimia.

"Unakimbia kama mama mkwe wako."

Mama mkwe wangu! Yule wa kutembea na fimbo!

Akasema ilikuwa 1969, walipogawana shamba la mzungu. Vigingi vya mpaka viliwekwa jioni. Alfajiri akamwona mama mkwe anakimbia kwenye umande, mtoto mgongoni, kigingi chini ya leso.

"Huyo mtoto ni bwanako. Nilinyamaza kwa ajili yake. Lakini Jumatatu watu wa kupima mashamba wanakuja, na mimi nimezeeka."

Jumatatu, Sahra! Na nyumba anamolala binti yangu Chepkoech iko hapo hapo mpakani.

Nimerudi nikamwambia mama mkwe, Mzee anasema nakimbia kama wewe. Hayo tu. Nilidhani atacheka.

Ameweka kikombe chini polepole.

"Alitaja kigingi," akaniuliza, "ama alisema kukimbia tu?"