Propela ya Udongo

Hanifa, upo? Usipige, Kisa wa boti amekaa hapahapa kaunta. Soma tu.

Boti ya hoteli imeaibika leo, Matema nzima inaangalia. Mgeni kashika kamba, zile mbao za kutelezea miguuni, anasubiri kuvutwa. Injini ikalia mpaka watu wakaziba masikio, boti haina nguvu ya kumnyanyua. Mgeni kabaki shingo tu nje ya maji. Shingo tu!

Ni ile propela mpya aliyoifuata Kisa. Ya zamani ilichakaa mpaka namba zikafutika, fundi wa Mbeya akataka sampuli. Kuifungua ni kusimamisha boti, basi Kisa akaigandamizia udongo wa mama yake ikiwa hapohapo kwenye boti, akauchoma pamoja na vyungu, akapanda nao basi. Fundi akapima alama ile, akampa inayolingana nayo.

Jamani, udongo ukichomwa si unasinyaa? Kisa! Mtoto wa mfinyanzi, kakulia kwenye vyungu! Propela imekuja ndogo.

Bosi akauliza mbele ya wageni, "Nani alichukua kipimo?"

Kisa akainama kufuta boti. Kama haulizwi yeye.

Mama yake alikuwa kaleta vyungu vya kuuza. Akapiga goti pale mchangani. "Ni mimi, baba. Udongo ni wangu, nimekosea mimi."

Mama ambaye boti yenyewe hajawahi kuipanda, Hanifa. "Nimekosea mimi."

Kisa anaendelea kufuta boti.

Mama kashapanda mtumbwi karudi kwao Ikombe. Na huyu hapa ananiuliza kama sukari imeletwa.